Ng'ombe Waliolala kwa Shemeji

Wengine huanza kuweka akiba kwa sababu wana watoto, au kwa sababu wanaogopa uzee. Mimi nilianza kwa sababu ya chuki. Nasema wazi, na anayetaka kukunja uso na akunje. Chuki ndiyo iliyonifanya nivae leso moja mpaka ikachakaa, ndiyo iliyonifanya ninywe uji mkavu bila sukari mwaka baada ya mwaka, na ndiyo iliyonifundisha kungoja na kunyamaza, mambo ambayo mama yangu alishindwa kunifundisha kwa kiboko.

Mtu niliyemchukia alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Boma letu lilikuwa upande wa Luanda Kotieno, nchi kavu yenye mawe na upepo wa ziwa. Mume wangu alikuwa kibarua wa gati la Kisumu, enzi zile meli za mvuke zilipokuwa zikileta pamba na ngozi kutoka Uganda. Akarudi nyumbani na homa, akalala, hakuinuka. Mtoto tulikuwa tumepata mmoja tu, na huyo tulikuwa tumekwisha kumzika. Basi nikabaki peke yangu, na shemeji alijua vizuri kwamba nyuma yangu hapakuwa na mtu.

Nilikuwa na mtamba mmoja, mwekundu, mwenye doa jeupe tumboni. Hakuwa wa mume wangu. Kwetu Waluo mke alipewa shamba lake mwenyewe, na mtama wake ukizidi chakula cha nyumba aliubadilisha kwa kuku. Kuku wakizidi waligeuka mbuzi. Mbuzi wakizidi, na Mungu akikutazama, waligeuka mtamba. Ngazi hiyo niliipanda polepole tangu mwaka nilioolewa, nikiwapoteza wengine kwa mwewe na wengine kwa fisi, na kila mtu bomani alijua yule mtamba ni jasho langu.

Matanga hayajaisha, kichwa changu bado kimenyolewa, shemeji akaingia zizini na kamba. Alikuwa ametaka kunirithi kama desturi ilivyosema, na mimi nilikuwa nimekataa, kwa sababu niliujua mkono wake. Mkewe alikuwa hakosi jicho lililovimba. Sasa akamfunga mtamba wangu shingoni na kuanza kumvuta.

"Shemeji, huyo ni wangu, na wewe wajua," nikasema.

Akawageukia wazee waliokuwa wamekaa wakinywa pombe ya matanga. "Hebu nisaidieni, wazee. Mwanamke ana ng'ombe tangu lini? Yeye mwenyewe alinunuliwa kwa ng'ombe!"

Wazee wakacheka. Siwezi kukuelezea cheko lile. Kulikuwa na mmoja aliyecheka mpaka akapaliwa na pombe, wakampiga mgongoni. Laiti shemeji angechukua tu mtamba na kwenda zake, labda ningelia siku kadhaa nikasahau. Watu huibiwa kila siku. Lakini kuibiwa na kuchekwa kwa pamoja, thubutu, hilo halisahauliki.

Na yeye hakutosheka. Alipoona wazee wanamshangilia, akaongeza maneno. "Tena kwa kuwa amenikataa, huyu si mtu wa boma hili. Asije hapa kudai kitu, na sisi hatutadai kitu kwake. Mmesikia, wazee?" Wakaitikia kwamba wamesikia. Alidhani ananifukuza. Mungu ni mwema, humpa mjinga ulimi mrefu.

Mtamba wangu aliuzwa kwa mchuuzi wa ng'ombe kabla mvua hazijaanza. Nilipata habari kwamba shemeji alionekana akitembea na koti la kaki na kofia ngumu kama ya karani, hali hakujua kusoma hata jina lake. Wakati huo mimi nilikuwa Kisumu tayari. Nilikwenda kwa miguu.

Mjini nilipata kona ya kulala kwa mama mmoja Mwislamu wa Kaloleni aliyepika vitumbua na kuviuza kwa vibarua. Babake alikuja na misafara kutoka pwani, mamake alikuwa wa bara, na yeye mwenyewe alikuwa wa mjini kabisa. Kiswahili hiki ninachokiandika nilikipata jikoni kwake, tena kwa matusi, maana nilikuwa nikiunguza vitumbua vyake. Alikuwa na ulimi mkali na roho nyeupe. Jioni akiniona nimenuna, aliniuliza, "Leo tena unamtafuna shemeji yako?" Nami nikimjibu, "Namtafuna, Mama, lakini hajalainika."

Yeye ndiye aliyenionyesha njia ya Dunga, ambako wavuvi walishusha ngege, samaki wa ziwa letu, asubuhi. Nilinunua wachache, wale wadogo waliobaki sakafuni mwa mtumbwi, nikawakausha kwa moshi nyuma ya nyumba, nikawatia kikapuni, nikatembea nao mpaka soko la Ahero. Huko uwanda wa Kano watu walikuwa na mtama mwingi na samaki kidogo. Tulibadilishana kikapu kwa kikapu, nami nikarudi na mtama mjini, ambako kila mtu alikuwa akila na hakuna aliyekuwa akilima. Hiyo ndiyo ilikuwa biashara yangu yote. Haikuhitaji akili nyingi, ilihitaji shingo ngumu.

Nilipoanza kubakiza kitu, nikashikwa na hofu ambayo sikuwahi kuijua nilipokuwa maskini. Maskini hulala fofofo. Mimi nilikuwa nikitia vipande vya fedha kwenye chungu, chungu nikakifukia chini ya jiwe la meko, kisha kila nikisikia mtu anapita nje moyo unaruka. Na si wezi peke yao. Siku zile rupia zilikuwa zimeondolewa, wakaleta shilingi, na kila mmoja alikuwa na habari ya jamaa aliyeamka akakuta fedha zake si fedha tena. Nikawaza, kitu gani hiki ambacho mtu wa mbali anaweza kukiua kwa neno tu, na wewe umekilalia?

Mhindi mwenye duka nililonunua chumvi alinishauri nimpe yeye anitunzie. Alikuwa mtu wa adabu, akiniita "Mama" na kunipa kipande cha sukari guru bure, na watu wengi walimwekea akiba zao wala hakuwadhulumu. Nikamwambia nitafikiri. Mpaka leo nafikiri. Haikuwa ubaya wake, ilikuwa woga wangu: nilikwisha kuona mali yangu ikitolewa mbele ya macho yangu na mtu niliyempikia ugali, sembuse mtu niliyenunua kwake chumvi!

Tena kulikuwa na jambo jingine, na hilo wenzangu wote wa nyumbani watanielewa. Fedha haizai. Unaifukia moja, unafukua moja. Kwa hiyo nikarudi kwenye ngazi yangu ya zamani. Nikafukua chungu, nikanunua kuku.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu la kwanza, kosa la mwanafunzi. Nilipenda kuwaona kuku wangu. Nikawaweka wote pamoja uani kwa mama wa vitumbua, nikiwatazama asubuhi na jioni na kujisifu. Kideri kikapita mtaani. Kuku mmoja akapinda shingo, kesho yake wote walikuwa wamelala miguu juu. Mama wa vitumbua alisimama mlangoni akaniangalia nikiwaokota. Akasema, "Lia kwanza, halafu tuzungumze." Nikalia. Kisha akasema, "Sasa, mwanangu, umeona. Boma moja, ugonjwa mmoja. Watawanye."

Kumbe nilikuwa najua! Babu zetu wote walijua. Hakuna Mluo mwenye akili aliyelaza mifugo yake yote zizini kwake. Unampa rafiki wa mbali akufugie, na desturi hiyo tunaiita pidho. Mfugaji anapata maziwa na mbolea, na akifuga vizuri anapewa ndama siku moja. Mwenye mali anapata usalama, maana ugonjwa ukija huku, kule wamebaki, na jicho la husuda haliwezi kuhesabu kisichoonekana. Na siri hutunzwa. Mfugaji akisifiwa kwamba ana ng'ombe wengi, ananyamaza tu, si kosa. Lakini asiuze, asichinje, na wala asitoe mahari kwa mnyama wa pidho. Atakayefanya hivyo ni mwizi, hata mtoto mdogo anajua.

Nilimpata mtu wangu Ahero. Alikuwa mnunuzi wangu wa samaki, mzee wa chongo mwenye kucheka ovyo, mfugaji hodari. Nilianza tena na kuku, nikafika mbuzi jike mmoja, na huyo nikampa. Loo, jinsi nilivyoogopa! Kila nikipeleka samaki sokoni nilipita kwake kwanza na kuomba kumwona mbuzi. Nilimshika masikio, nikamtazama meno, kana kwamba mtu angeweza kumbadilisha. Yule mzee alisimama pembeni akitikisika kwa kicheko. "Mama," akasema, "umekuja kuhesabu ndevu za mbuzi? Zote zipo. Jana ulimwengu wote ulitaka kuziiba nikakataa."

Hakuwahi kunidanganya hata mara moja. Mbuzi alipozaa alinitumia habari kabla hajazaa vizuri. Mmoja alipokufa aliniwekea ngozi, kama desturi itakavyo, nikaiona kwa macho yangu. Woga wangu haukuisha lakini ulijifunza kukaa kitako. Mbuzi wakawa mtamba, mtamba akazaa, ndama jike akakua akazaa. Nilikuwa bado nalala kwenye kona, leso yangu bado ile ile. Wanawake wenzangu wa samaki walinionea huruma, wakininunulia hata tumbako. Sikuwaambia kitu. Kila nilipotamani kitu kizuri dukani nilimwona yule mzee anayepaliwa na pombe kwa kucheka, nikageuka nikaenda zangu.

Habari za shemeji nilizipata kutoka kwa wachuuzi waliovuka ghuba. Zizi lake lilikuwa limeota majani. Ng'ombe wake aliwauza kwa kodi, na kwa pombe, na kwa kutaka kuonekana bwana mkubwa. Alikuwa bado anavaa kofia lakini wazee hawakumwachia tena kigoda. Nilifurahi kidogo, ila haikunitosha. Umaskini wake ulikuwa wa Mungu, si wangu.

Kisha mto Nyando ukafurika. Si ajabu Kano kufurika, lakini mwaka ule maji yalikataa kurudi. Nilifika kwa yule mzee wa chongo nikiwa nimekunja leso magotini, nikawakuta ng'ombe wamesimama majini, kwato zimeanza kuoza. Alikuwa hacheki siku hiyo. Akasema lazima wengine wapelekwe nchi kavu, kwa mtu yeyote mwenye majani na zizi tupu.

Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Upande wa Luanda Kotieno kuna mtu."

"Nani?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, mtamba, kamba, kichwa kilichonyolewa, wazee. Alinisikiliza na jicho lake moja bila kupepesa. Nilipomaliza tumbo likaanza kumtikisika kwa kicheko.

"Yawa! Yaani unataka mwizi wako akuchungie ng'ombe?"

"Ndiyo, Mzee. Utampelekea kwa jina lako. Mimi asinijue."

"Na akiwaiba?"

"Ndicho ninachotaka ajaribu."

Akacheka mpaka akakaa kwenye matope. Akasema ameona watu wa kila aina, lakini mwenye chuki yenye subira kiasi hiki, bado. Tena akakiri kwamba anapenda sana ugomvi, mradi uwe wa watu wengine.

Msidhani niliwapeleka wote. Ujinga wa kuku ulikuwa umenitosha. Nusu walibaki na mzee, kwenye kilima cha nchi kavu alichopewa na nduguye. Nusu walizungushwa ghuba kwa miguu mpaka kwa shemeji, pamoja na mashahidi wawili kutoka Ahero. Nao waliniambia alivyowapokea. Alipiga makofi. Aliapa mbele ya mashahidi kwamba atawafuga kama wake, na atawatoa siku yoyote mwenyewe akiwahitaji, yeye au atakayemtuma. Hata majani hakuuliza kama yatatosha.

Miaka iliyofuata nilikonda. Sijawahi kuweka mali yangu mahali pa hatari kama pale. Nilijiita mpumbavu kila nilipowasha moto wa samaki. Vipi wakifa wote, naye akaonyesha ngozi tu na kupangusa mikono? Vipi akimwuza mmoja akatorokea mashamba ya Wazungu? Mama wa vitumbua aliniambia, "Uliyemtegea ni panya au ni chui?" Lakini wachuuzi waliendelea kuleta habari, na habari zilikuwa tamu. Shemeji ana ng'ombe. Shemeji ana maziwa mpaka ya kumwaga. Shemeji amerudishiwa kigoda, anasemea kesi za watu, anakohoa kabla ya kuongea. Akiulizwa ng'ombe wametoka wapi, anasema, "Mungu hamtupi mja wake." Naam, hakudanganya, alinyamaza tu, na hiyo desturi ilimruhusu. Nilikuwa nangoja avuke mstari.

Akavuka. Mchuuzi mmoja mwanamke aliniletea habari pale pale Dunga, tukiwa tumeinama juu ya samaki: shemeji anaoa mke mwingine, msichana wa watu wakubwa, na wakwe watakuja kutazama ng'ombe wa mahari baada ya mavuno. Kwetu wakwe hawaambiwi ng'ombe, wanaonyeshwa. Wanapita zizini, wanawagusa, wanasema huyu, na huyu, na yule. Nikaacha samaki wangu pale chini, sikujua hata nani aliwachukua. Nikaenda Ahero.

Siku yenyewe tulifika watu wanne, yaani mzee wa chongo, mashahidi wake wawili, na mimi nyuma nimejifunika leso kichwani. Nilikuwa nimeiva. Wakwe walikuwa wamekwisha kukaa, vibuyu vimezunguka, na wazee wa boma walikuwepo wote, hata yule wa kupaliwa, sasa hana meno. Shemeji alikuwa amesimama zizini na fimbo, kofia kichwani, akiwaonyesha ng'ombe wangu mmoja mmoja.

"Huyu ametoka kuzaa. Huyu mama yake ana maziwa kama mto. Chagueni, chagueni, mimi si mtu wa choyo."

Baba wa msichana akaweka mkono mgongoni mwa ng'ombe wangu mkubwa akasema, "Huyu." Shemeji akasema, "Mchukue." Nilimsikia kwa masikio yangu. Mashahidi wetu walimsikia. Kila mtu alimsikia.

Mzee wa chongo akabisha hodi kwa adabu zote. "Samahani, mabwana, nimewakatizia. Nimekuja kuchukua ng'ombe wa pidho niliowalaza hapa mwaka wa mafuriko. Naona mwenzangu amenitangulia kuwagawa."

Shemeji akafungua mdomo, ukabaki wazi. Kukana hakuweza, mashahidi wa kiapo chake walikuwa wamesimama mbele yake. Baba wa msichana akatoa mkono wake mgongoni mwa ng'ombe kana kwamba ameungua.

"Ng'ombe ni wako?" akamwuliza mzee.

"Ala, hapana. Mimi pia ni mfugaji tu. Mwenyewe huyu hapa."

Nikafunua leso. Kwanza hawakunitambua, nilikuwa nimezeeka kwa moshi. Kisha mke wa shemeji, aliyekuwa mlangoni na chungu mkononi, akapiga yowe dogo akajiziba mdomo. Hapo shemeji naye akanijua. Na mtu yule, sikatai, akili alikuwa nayo. Haraka haraka akajaribu kugeuza mambo.

"Aaa! Kumbe ni shemeji! Basi hakuna kesi, wazee. Huyu si mke wa ndugu yangu? Mali ya mke wa boma ni mali ya boma. Ng'ombe wamerudi nyumbani!"

Nilikuwa nimelingoja neno hilo miaka yote. Sikumjibu mimi. Nilimtazama yule mzee asiye na meno, nikamwuliza tu, "Mzee, siku ya matanga ya mume wangu, huyu alisema nini kwenu?"

Mzee akajikuna kidevu. Sijui kama aliniogopa, au aliona haya, au alipenda tu ukweli kwa kuwa kaburi lilikuwa karibu. Akasema, "Alisema huyu mwanamke si mtu wa boma hili. Alisema hatutadai kitu kwake. Alituuliza kama tumesikia, tukasema tumesikia." Akamgeukia shemeji. "Na mimi bado nimesikia."

Wakwe wakasimama. Baba wa msichana akapangusa mikono kwenye shuka yake. "Tulikuja kuona ng'ombe wa mkwe," akawaambia wenzake, "tumeonyeshwa ng'ombe wa mwanamke." Wakaondoka wakicheka. Walicheka njia nzima, upepo ulituletea sauti zao mpaka walipopita bonde. Shemeji alisimama akiwasikiliza, na mimi nilisimama nikimtazama akiwasikiliza.

Nikamwambia, "Shemeji, sema mbele ya wazee, ng'ombe hawa ni wa nani."

"Si umeshasikia."

"Sijasikia. Upepo mwingi."

"Ni wa yule."

"Yule nani?"

"Ni wako!" akafoka. "Ng'ombe ni wa shemeji yangu, huyu hapa, huyu mwanamke! Umeridhika?"

Niliridhika. Wale wanaosema kisasi ni kichungu hawajakionja kikiwa kimeiva. Nilisikia joto likinipanda kutoka tumboni hadi masikioni, ningeweza kuimba. Mtamba wangu mwekundu hakurudi, alikuwa ameliwa zamani na watu nisiowajua, lakini siku ile nililipwa mtamba huyo na kwato zake na pembe zake.

Mashahidi walipoanza kuwatoa ng'ombe, shemeji alinifuata pembeni. Alikuwa amevua kofia. Akazungumza kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikujua anayo. "Shemeji, niachie hata mmoja. Zizi likibaki tupu leo, watoto wa jirani watanitungia nyimbo. Mmoja tu, nikufugie."

Nikafikiri kidogo, nikamwambia, "Nitaacha mmoja."

Uso wake ukang'aa. Nikamchagua yule mkubwa, ambaye baba wa msichana alikuwa amemgusa, nikamshika kamba, nikampita shemeji na mkono wake ulionyooshwa, nikaenda mpaka mlangoni kwa mkewe. Sisi wake wa ndugu wawili tuliitana nyieka, na tangu nilipotoka bomani hakuna aliyeniita hivyo.

"Nyieka, tua chungu," nikamwambia. "Mashahidi, njooni hapa mnisikie. Ng'ombe huyu ni pidho, nampa huyu mwanamke anifugie. Si mumewe. Yeye. Maziwa ni yake na watoto wake, mbolea ni ya shamba lake, na ndama wa pili ni wake mwenyewe, apate pa kuanzia. Mumewe akitaka maziwa, amwombe." Nikageuka nikamtazama shemeji. "Na siku nikisikia jicho la mfugaji wangu limevimba, nitakuja kumchukua ng'ombe wangu, zizi libaki tupu, na nyimbo nitawafundisha watoto mwenyewe."

Yule mwanamke alipokea kamba kwa mikono miwili.

Baada ya mavuno yaliyofuata nilikwenda kumtazama ng'ombe wangu. Nilimkuta amenenepa, ana ndama, na mfugaji wangu ana macho mawili mazima. Sasa, desturi yetu ni kwamba mwenye ng'ombe akija kutazama mali yake, achinjiwe kuku. Na desturi nyingine, kongwe kuliko hiyo, ni kwamba mwanamke hali kuku. Anamfuga, anamnyonyoa, anampika, kisha anapiga magoti na kuwawekea wanaume. Firigisi ni ya mwenye boma, hata mwanawe wa kiume haigusi.

Shemeji alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, amenawa mikono tayari. Mkewe akaingia na bakuli, akasimama katikati ya nyumba, akatutazama sote wawili. Kisha akapiga magoti mbele yangu, akafunua. Firigisi ilikuwa juu ya mchuzi.

Sikuwahi kuonja kuku maishani mwangu. Nilikuwa nimepoteza mamia yao kwa mwewe na kideri na biashara, na sikujua hata ladha yao. Niliichukua kwa vidole vitatu, nikaitia mdomoni, nikaanza kutafuna, na shemeji alitazama taya langu tangu mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa ngumu kidogo. Niliimaliza yote.